Huwajui wagombea vizuri: namna ya kuamua upige kura au uache

Mtu akisema "siwajui wagombea, bora nisiende," mara nyingi hajasema yote. Anawajua wawili wanaogombea nafasi ya juu kabisa, amewahi kumsikia mmoja wa wanaotaka ubunge, na wanaogombea baraza la eneo lake hajui hata majina yao. Siku ya uchaguzi hukabidhiwi swali moja. Katika nchi nyingi unakabidhiwa karatasi mbili, tatu, hata sita, na kila karatasi ni uchaguzi unaojitegemea. Ndiyo maana swali la "niende au nisiende" linapotosha. Swali la kuuliza, nafasi kwa nafasi, ni hili: je, sababu niliyo nayo inanizidishia uwezekano wa kuchagua vizuri kuliko kurusha sarafu?

Jibu letu kwa ufupi: nenda kituoni. Weka alama pale ambapo una sababu inayosimama. Nafasi ambayo umeitafutia taarifa na bado huna sababu, iache tupu kama sheria inaruhusu. Usibahatishe hata mara moja. Na kabla ya kuamua kuacha, tenga saa tatu za maandalizi, kwa sababu ujinga wa aina hii ni rahisi kuuondoa kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini kubahatisha kunadhuru

Wapo wanaosema kura za kubahatisha hazina madhara kwa kuwa hufutana: nusu zitaangukia huku, nusu kule, na wanaojua ndio wataamua. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa sharti moja tu, nalo halitimii mara nyingi.

Chukua wapigakura 10,000 na wagombea wawili. Elfu moja wanawajua wagombea, na 600 kati yao wanampendelea A, 400 wanampendelea B. Waliobaki 9,000 hawajui chochote. Kama hao 9,000 wangerusha sarafu kweli, kila mgombea angepata kama 4,500, na tofauti baina yao kwa kawaida isingezidi mia moja na ushee. Uongozi wa kura 200 aliopewa A na wanaojua ungemvusha karibu kila mara. Sasa fanya wale 9,000 waegemee B kidogo tu, 52 kwa 48 katika kila mia. B anapata 4,680, A anapata 4,320. Tofauti ni 360, na zile 200 zimezama. Mteremko wa pointi mbili kwa wasiojua umeufuta uamuzi wa wanaojua.

Na binadamu habahatishi kama sarafu. Huegemea jina la kwanza kwenye orodha, huegemea jina alilowahi kulisikia hata kama hakumbuki alilisikia kwa wema au kwa ubaya, huegemea sura. Mwaka 2005 Alexander Todorov na wenzake walichapisha utafiti uliowaonyesha watu picha za wagombea wa Seneti ya Marekani wasiowafahamu, wakaulizwa ni yupi anaonekana hodari zaidi. Majibu hayo ya kutazama uso yalilingana na mshindi halisi katika takriban asilimia 70 ya mashindano. Uhodari wa uso hauendeshi wizara wala haupitishi bajeti, lakini unapiga kura. Upendeleo wa jina la juu unajulikana sana kiasi kwamba kule Tasmania, mojawapo ya majimbo ya Australia, karatasi za kura huchapwa kwa mipangilio tofauti ya majina ili nafasi ya juu isimfaidi mgombea mmoja.

Upande wa pili wa hesabu ndio wa kutia moyo. Mwaka 1785 Condorcet, mwanahisabati wa Ufaransa, alionyesha kwamba wapigakura wengi wenye uelewa mdogo tu wanaweza kufikia uamuzi mzuri kwa pamoja. Watu 101, kila mmoja akiwa na uwezekano wa asilimia 55 tu wa kuchagua sawasawa, kwa wingi wao watachagua sawasawa mara 84 katika kila mia. Lakini uwezekano huo ukiwa asilimia 45, wingi huohuo utapatia mara 16 tu. Kwa hiyo huhitaji kuwa mtaalamu wa siasa. Unahitaji kuvuka nusu, hata kwa kidogo, na kuwa na hakika kwamba hukuivuka kwenda chini.

Hesabu ya Condorcet ina sharti lake: kila mtu aamue mwenyewe. Watu elfu wakinukuu ujumbe mmoja wa simu, hiyo ni akili ya mtu mmoja iliyopigwa chapa mara elfu.

Na kubaki nyumbani je?

Kubaki nyumbani kunawaachia wengine uzito wako, basi. Kunakufanya pia uache nafasi zote kwa mkupuo mmoja, zikiwemo zile ulizokuwa na sababu nzuri juu yake. Januari 1961 kule Zanzibar, kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu, na kwa kiti hicho chama cha ASP (Afro-Shirazi) kikawa na viti 10 dhidi ya 9 vya mpinzani wake, ZNP. Viti vitatu vya chama cha tatu vikagawanyika kati yao, baraza likawa 11 kwa 11, na ilibidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka huohuo. Virginia, Marekani, mwaka 2017, wagombea wawili wa baraza la kutunga sheria la jimbo walilingana kwa kura 11,608 kila mmoja, na mshindi akapatikana kwa kuchomoa jina bakulini. Matukio ya namna hii ni machache katika nafasi za kitaifa. Katika nafasi ndogo, zenye wapigakura elfu chache, tofauti ya kura kumi au ishirini si ajabu. Ni nafasi hizohizo ambazo watu huzijua kidogo kuliko zote, na ndiyo sababu tunasisitiza zitengewe muda.

Pima kwanza unachokijua

Chukua karatasi moja kwa kila nafasi. Andika juu jina la nafasi, chini yake majina ya wagombea wote kama yalivyo kwenye orodha rasmi ya tume ya uchaguzi. Kama huwezi kuyaandika majina bila kutazama, sawa, yaangalie. Hilo si kosa. Kisha jaribu kuandika sentensi mbili. Ya kwanza: "Namchagua huyu badala ya yule kwa sababu…" bila kutaja sura, sauti, umri, asili yake, dini yake, wala wingi wa watu kwenye mikutano yake. Ya pili: "Anayemuunga mkono mpinzani wake angenijibu kwamba…"

Sentensi ya kwanza ikikwama, huna sababu bado. Ya pili ikikwama, una sababu ila umeisikia upande mmoja. Watu wengi hukwama kwenye ya pili, na hawa ndio wa kuangaliwa kuliko wasiojua kabisa. Asiyejua na anajua kwamba hajui, hawezi kuharibu kitu: atauliza au ataacha. Aliyejaa taarifa za uongo anakwenda kituoni akiwa na uhakika, na uwezekano wake uko chini ya ile nusu ya Condorcet.

Baada ya hapo utakuwa na mafungu matatu: nafasi unazozijua, nafasi unazoweza kuzijua ukitafuta, na nafasi ambazo taarifa hazipatikani. Fungu la tatu huwa dogo kuliko linavyoonekana mwanzoni.

Saa tatu, na namna ya kuzigawa

Zifanye wiki moja au mbili kabla ya siku ya kura, zisiwe usiku wa mwisho. Mapema mno orodha ya wagombea inaweza kubadilika kwa rufaa na kujitoa. Ukichelewa mno, hutapata wa kumuuliza.

Dakika 20 za mwanzo hazihusu mgombea yeyote. Tafuta kila nafasi ina mamlaka gani. Mbunge anatunga sheria, anapitisha bajeti na kuisimamia serikali. Kwa kawaida hajengi barabara kwa mkono wake wala haajiri walimu. Mkuu wa mamlaka ya eneo na baraza lake wanashughulika na masoko, taka, leseni, matumizi ya ardhi na ada ndogondogo. Mkuu wa nchi anateua mawaziri na anaamuru vyombo vya dola. Mipaka hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo isome katika katiba au tovuti rasmi ya serikali. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu inakupa chujio: ahadi iliyo nje ya mamlaka ya nafasi inayogombewa ni ya kufuta papo hapo. Mgombea wa udiwani anayeahidi kushusha bei ya mafuta ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anadhani wewe hujui.

Kisha dakika 50 kwa nafasi ya juu ya utendaji, 50 kwa bunge, 45 kwa nafasi za eneo lako. Zinazobaki, dakika 15, ni za kuhakiki jambo moja tu: lile ambalo kura yako imeliegemea zaidi.

Ndani ya muda huo chagua mambo mawili kwa kila nafasi, yasizidi. Anayetaka kulinganisha wagombea watano katika mambo kumi na mawili atachoka kabla ya nusu na kurudi kwenye sura. Mambo hayo yawe yanayokugusa wewe au watu unaowajali, na yawe ndani ya mamlaka ya nafasi hiyo. Chora jedwali la kawaida: wagombea upande mmoja, mambo mawili upande mwingine, na safu ya tatu ya rekodi. Nafasi yenye wagombea wengi, waondoe kwanza wale ambao huwezi kuwakubali kwa sababu iliyo wazi, halafu linganisha waliobaki.

Anza na rekodi kabla ya maneno. Aliyewahi kuwa mbunge ameacha nyayo katika kumbukumbu rasmi za bunge, yaani Hansard: alihudhuria mara ngapi, aliuliza nini, na pale kura zinapoandikwa kwa majina, alipiga upande gani. Aliyewahi kushika fedha za umma ameacha nyayo katika ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu. Ripoti hizo ni ndefu, usizisome zote. Tafuta jina la taasisi aliyoiongoza na miaka aliyokuwepo, kisha angalia aina ya hati ya ukaguzi iliyopewa (safi au yenye dosari) na fedha zilizokosa vielelezo. Tofautisha hapo mambo mawili yanayochanganywa kila siku: malipo yaliyokosa stakabadhi yanaweza kuwa uzembe wa karani, lakini mradi uliolipwa kikamilifu na haupo ni jambo jingine kabisa. Mahakamani nako, "ameshtakiwa" si "ametiwa hatiani", na "kesi imefutwa" si sawa na "ameonekana hana hatia". Andika neno lililotumika katika hukumu yenyewe, usiandike lililotumika kwenye kichwa cha habari.

Mgombea mpya hana rekodi ya aina hiyo. Mtafute katika kazi aliyoifanya: aliongoza nini, kilikuwaje alipokipokea, kilikuwaje alipokiacha, na waliofanya kazi chini yake wanasemaje. Kuwa mgeni katika siasa si sifa wala si dosari.

Ukifika kwenye ilani, usiisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye yale mambo yako mawili, na kwa kila ahadi tafuta vitu vinne: kitenzi, kiasi, muda na fedha zitakakotoka. "Tutaimarisha sekta ya afya" haina hata kimoja kinachoweza kupimwa. "Tutajenga zahanati 12 katika miaka mitatu kwa kuhamisha fedha za ununuzi wa magari" ina vyote vinne, na unaweza kubishana nayo. Ahadi inayoweza kubishaniwa ni bora kuliko inayoshangiliwa na kila mtu. Wagombea wote wakisema jambo lilelile, jambo hilo halikusaidii kuchagua. Lifute kwenye jedwali na uchukue jingine.

Mdahalo, kama upo, usiutazame wote. Tafuta dakika zinazohusu mambo yako mawili, na kama unaweza soma maandishi yake badala ya kutazama video, maana video inakurudisha kwenye sura na sauti. Angalia swali lililoulizwa, halafu angalia kama lilijibiwa.

Kwa nafasi za eneo, maandishi ni machache na simu ndiyo chombo bora. Piga au tuma ujumbe kwa ofisi ya kampeni ya kila mgombea ukiuliza swali moja, lilelile kwa wote, kwa mfano: "Katika bajeti ya baraza ya mwaka huu, ni kifungu gani mtakachokiongeza na ni kipi mtakachokipunguza?" Wapo watakaojibu kwa hesabu, wapo watakaojibu kwa kauli mbiu, wapo wasiojibu. Hata kunyamaza kunakwenda kwenye jedwali, ila wape siku tatu au nne kabla ya kuliandika, kwa sababu ofisi ndogo za kampeni mara nyingi huendeshwa na watu wawili. Halafu waulize watu wawili wanaolazimika kushughulika na baraza kwa kazi zao, kama vile mfanyabiashara anayekata leseni au mwalimu mkuu. Usiwaulize "nimchague nani?" Waulize "nini kilibadilika na nani alikibadilisha?"

Njia za mkato zinazofaa na zinazopotosha

Hakuna mpigakura anayesoma kila kitu, na hakuna haja. Njia za mkato zipo. Kazi ni kujua lini zinashika.

Chama ndiyo njia ya mkato yenye nguvu kuliko zote pale wabunge wanapopiga kura kama chama kinavyoelekeza. Katika mfumo wa namna hiyo, kukijua chama ni kujua sehemu kubwa ya tabia ya mbunge wake, na mtu anayechagua kwa chama hajabahatisha, mradi amekisoma chama chenyewe. Nguvu hiyo hupungua katika mabaraza ya eneo, ambako uzembe au bidii ya mtu mmoja huonekana zaidi, na hutoweka kabisa pale wagombea wanapohamahama vyama kila msimu.

Aliyeko madarakani anaweza kupimwa kwa matokeo, lakini gawanya matokeo hayo. Ukame, bei ya mafuta katika soko la dunia na magonjwa ya mlipuko hayakuletwa naye. Namna alivyoyakabili ni yake. Uliza pia hali ilikuwaje miaka minne au mitano nyuma, si miezi sita tu iliyopita. Kumbukumbu zetu hushika ya karibuni, na serikali zinalijua hilo. Lami nyingi humwagwa mwaka wa uchaguzi.

Kumfuata mtu unayemwamini kunaruhusiwa kwa masharti matatu: awe anaifahamu nafasi hiyo kuliko wewe, asiwe na faida binafsi kutokana na ushindi wa anayempendekeza, na aweze kukueleza sababu unayoweza kuirudia kwa maneno yako. Likikosekana hata moja, utakuwa umempa mtu mwingine kura mbili. Chama cha wafanyakazi, jumuiya ya wakulima au umoja wa wazazi wanaotoa mapendekezo kwa maandishi na sababu zake wanafaa kusomwa, hasa wanapompendekeza mtu wasiyemzoea.

Zinazopotosha ni hizi: umati kwenye mikutano, wingi wa mabango, kura za maoni za simu zisizo na maelezo ya nani aliulizwa, na kashfa inayoibuka siku mbili za mwisho. Hiyo ya mwisho inahitaji tahadhari ya pekee, maana hutolewa wakati ambapo hakuna nafasi ya kujibu. Baadhi ya nchi huzima kampeni kabla ya kura. Ufaransa kampeni husimama usiku wa manane wa Ijumaa kabla ya kura ya Jumapili. Hata pasipo sheria hiyo unaweza kujiwekea yako: taarifa mpya iliyokufikia ndani ya saa 48 za mwisho, isiyothibitishwa na vyombo viwili vya habari vinavyojitegemea, haibadilishi jedwali. Picha nayo, itafute asili yake kwa huduma za kutafuta picha mtandaoni. Nyingi huwa ni za miaka ya nyuma au za nchi nyingine.

Kura ya maoni juu ya sheria au katiba

Hapa hakuna mgombea wa kumjua, kuna maandishi. Soma swali lenyewe kama litakavyochapwa, kisha andika kwa maneno yako: "Ndiyo ikishinda, kesho nini kitabadilika? Hapana ikishinda, nini kitabaki?" Maswali mengine yameandikwa kinyumenyume, hivi kwamba "Ndiyo" inafuta kitu unachokitaka. Pendekezo lililokusanya mambo kumi katika swali moja, pima lile baya kuliko yote na lile zuri kuliko yote, kwa sababu utayapata yote au utayakosa yote.

Kuacha nafasi tupu, na kituoni kwenyewe

Kabla ya kuacha nafasi tupu, jua sheria yako inaifanyia nini. Mahali pengi, kila nafasi ikiwa na karatasi yake, karatasi tupu haiathiri zile nyingine. Lakini katika baraza la wawakilishi la Australia unatakiwa kuwapanga wagombea wote kwa namba, na karatasi isiyojazwa inavyotakiwa kwa kawaida haihesabiwi. Nchi nyingine zina nafasi ya kukataa wote: India iliiongeza mwaka 2013, lakini katika uchaguzi wa bunge, hata ikiongoza, mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye hutangazwa. Colombia ni tofauti, kwani kura tupu zikipita nusu, uchaguzi hurudiwa. Ufaransa kura tupu huhesabiwa kando na haziingii katika asilimia za wagombea. Pale mshindi anapotakiwa kuvuka nusu ya kura, kujua kama kura tupu zimo katika hesabu ni jambo la maana: zikiwemo zinamwinulia kizingiti, zisipokuwemo hazimfanyi kitu.

Kama kupiga kura ni wajibu wa kisheria, kama Brazil kwa wenye miaka 18 hadi 70, kutokwenda kuna adhabu, na kura tupu ndiyo njia halali ya kusema "hapa sina sababu". Mashine za kura za Brazil zina kitufe maalumu cha kura tupu.

Andika majibu yako kwenye kipande kidogo cha karatasi, nafasi moja mstari mmoja, na neno "TUPU" pale ulipoamua kuacha. Uliza mapema kama kinaruhusiwa kuingia nacho. Simu mara nyingi haziruhusiwi ndani ya kibanda. Pasipo ruhusa, kariri kwa mpangilio wa karatasi. Sababu ya kuandika "TUPU" ni kwamba ndani ya kibanda mkono huona aibu kuacha, na hapo ndipo watu hujaza jina la juu.

Nafasi unayoiacha usiichore wala kuiandikia maoni. Mstari wa kukata katikati unaweza kusomwa kama alama ya mgombea na kuzua ubishi wakati wa kuhesabu. Nafasi unayoijaza, weka alama moja, kwa namna iliyoelekezwa, ndani ya kisanduku. Mahali pengi, alama mbili au jina lako au sahihi vinaiharibu kura. Kama unatumia wino au kidole, subiri ukauke, halafu ikunje ili alama isiguse kisanduku cha mgombea mwingine. Ukikosea, usifute. Mrudishie msimamizi kabla ya kuitumbukiza na uombe nyingine. Taratibu nyingi zinaruhusu, na ile iliyoharibika huwekwa kando. Panapo masanduku kadhaa, linganisha rangi au maandishi ya sanduku na ya karatasi kabla ya kuiachia.

Lini usiende kabisa

Yapo mazingira machache, pale ambapo sheria haikulazimishi. La kwanza ni umetafuta, na hakuna nafasi hata moja uliyo na sababu juu yake. La pili, na zito zaidi, ni kura yako imeshanunuliwa au umetishwa, na huna hakika na usiri wa kibanda. Kama usiri upo kweli, nenda na upige kura kwa sababu zako. Kama haupo, usalama wako unatangulia, na tukio hilo ni la kuripotiwa tume ya uchaguzi au waangalizi.

Jedwali lako usilitupe baada ya matokeo. Andika juu yake jina la aliyeshinda, iwe ulimchagua au hukumchagua, zungushia ahadi zilizokuwa na kiasi na muda, na uweke tarehe ya kuzikagua katikati ya muhula. Uchaguzi ujao utaanza ukiwa na safu ya rekodi iliyojaa, na zile saa tatu zitapungua kuwa moja.